Pikipiki ya tustroki inapochemsha, usianze na rejeta

Katika viwanja vya motokrosi vya Afrika Mashariki, iwe Jamhuri Park jijini Nairobi au Garuga karibu na Entebbe, mvuke ukianza kufuka kwenye pikipiki ya tustroki hukumu hutolewa papo hapo: rejeta imekufa. Mmoja anakimbilia dumu la maji, mwingine anatafuta rejeta ya kuazima, na mzazi aliyegharamia pikipiki hiyo anaanza kupiga hesabu ya spea. Mara nyingi rejeta haina kosa. Inabadilishwa, pikipiki inarudi uwanjani, na baada ya mizunguko michache inachemsha tena au inanoki kabisa.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ya watoto. Pikipiki nyingi wanazoanzia, za cc 50, 65 na 85, ni za tustroki, yaani za mipigo miwili, na injini ya aina hii ikijam ghafla tairi la nyuma hufunga palepale. Mtoto aliye kwenye mwendo mkali hana nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana wakufunzi makini huwazoesha kuweka kidole kimoja au viwili kwenye klachi muda wote, maana klachi ikibanwa kwa wakati tairi huachiliwa na kuendelea kuzunguka. Lakini kinga ya kweli huwekwa na fundi kabla ya siku ya mbio, gereji ikiwa imetulia na hakuna anayemharakisha.

Fundi huyo anahitaji kujua joto linatoka wapi. Injini ya mipigo miwili huwaka kila krenki inapozunguka mara moja, wakati ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Pikipiki ya cc 125 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, pistoni yake moja ndogo inapigwa na milipuko zaidi ya 180 kila sekunde. Na chini ya pistoni hiyo hakuna oili inayorushwa kuipoza kama ilivyo kwenye injini ya mipigo minne. Kinachoipoza na kuilainisha ni petroli ileile iliyochanganywa na oili. Inaingia kwanza kwenye chumba cha krenki, inalowesha bering, inanyonya joto wakati inageuka mvuke, kisha ndipo inapanda juu kuunguzwa. Petroli ikipungua, moto unakuwa mkali, oili inakuwa haba na upoaji wa pistoni unapungua, yote matatu kwa pamoja.

Maji ya rejeta hayawezi kuokoa hali hiyo. Yanazunguka ndani ya kuta za silinda na kwenye hedi, lakini pistoni yenyewe hayaigusi. Nimeshaona pistoni zilizotoboka katikati zikitolewa kwenye injini ambazo rejeta zake zilikuwa zimejaa hadi juu na hazikuwahi kutoa mvuke. Kwa hiyo nashikilia msimamo huu: kwenye tustroki, kuchemsha kwa maji ni dalili mojawapo tu ya joto, na haiji kwanza kila mara. Anayeipima injini kwa kuangalia mvuke peke yake anaweza kufika akiwa amechelewa.

Inachemsha wakati gani?

Swali la kwanza halihitaji spana. Muulize mwendeshaji, hata kama ni mtoto, pikipiki ilianza kuchemsha ikiwa wapi. Ilikuwa imesimama kwenye mstari wa kuanzia? Ilikuwa inapanda matope taratibu huku klachi imebanwa nusu? Au ilikuwa kwenye nyoofu ndefu, resi imefunguliwa yote?

Pikipiki za motokrosi nyingi hazina feni. Rejeta zake hupozwa na upepo wa mwendo tu, kwa hiyo pikipiki ikisimama huku injini inanguruma, joto lazima lipande. Kutema maji kidogo baada ya dakika kadhaa za kungoja kwenye mstari wa kuanzia kunaweza kusiwe ugonjwa wowote. Vilevile ukijaza rejeta hadi shingoni, maji yatapanuka na yatatafuta njia ya kutoka. Kiwango kinachofaa ni maji kufunika mapezi ya rejeta kwa takriban sentimita moja, injini ikiwa baridi. Yaliyozidi hapo hutemwa na mpira wa pembeni, na watu huanza kuhangaika bila sababu.

Ikiwa inachemsha kwenye mwendo wa polepole pekee, tazama kwanza vitu visivyogharimu pesa. Udongo uliokauka kati ya mapezi ya rejeta huzuia upepo, na ndio mkosaji wa kwanza baada ya mbio za mvua. Usioshe kwa mashine ya presha ukiwa karibu, kwa sababu mapezi hulala na ukishayalaza umeziba njia kwa mkono wako mwenyewe. Mimina maji ya bomba kutoka nyuma kwenda mbele, uache udongo ulainike, kisha nyoosha mapezi yaliyopinda kwa bisibisi ndogo. Inua pikipiki kwenye stendi, uzungushe tairi la nyuma kwa mkono. Likiwa gumu, breki inashika, cheni imekazwa kupita kiasi au bering zimekufa, na injini inalivuta gogo hilo mbio nzima. Angalia na klachi pia, maana inayoteleza inaongeza joto lake kwenye injini na inamlazimisha mwendeshaji kupiga resi zaidi ili kupata mwendo uleule.

Ikiwa inachemsha kwenye mwendo wa kasi, upepo ukiwa tele, hapo tuhuma zinahama. Ama maji hayazunguki, ama moshi wa silinda unaingia kwenye maji, ama mchanganyiko wa petroli na hewa una hitilafu.

Maji yamekwenda wapi?

Kabla ya yote, usifungue kifuniko cha rejeta iliyo moto. Kifuniko hicho hushikilia shinikizo, na namba iliyopigwa juu yake, kwa kawaida kati ya 1.1 na 1.8, ni kiwango cha shinikizo hilo kwa bari. Ndilo linalozuia maji kuchemka mapema. Nairobi, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94, wala hayangoji 100. Chini ya kifuniko kizima cha bari 1.1 maji hayohayo hufika karibu nyuzi 119 bila kuchemka. Mpira wa kifuniko ukipasuka, nyuzi hizo 25 zimepotea. Pikipiki inaanza kutema maji kwenye joto ambalo jana lilikuwa la kawaida kwake, na hapo ndipo watu huilaumu rejeta ilhali mgonjwa ni kifuniko. Hii ndiyo sababu sisi wa nyanda za juu tunapaswa kukitazama kifuniko kwa makini kuliko mtu aliye Mombasa, na ndiyo sababu maji matupu ya bomba hayatoshi. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia alumini isiliwe na kutu.

Maji yakipungua bila kuonekana yakivuja, yana sehemu mbili tu za kujificha: giaboksi au silinda. Ya giaboksi hujulikana mapema. Fungua boliti ya kumwagia oili, uitazame inavyotoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili ya pampu ya maji imekufa na maji yanavuka kuingia kwenye gia. Usiendelee kuiendesha hata kurudi nyumbani, kwa kuwa oili ya namna hiyo haizilindi bering wala sahani za klachi. Kwenye pikipiki nyingi kuna kitundu kidogo chini ya pampu, kilichowekwa na watengenezaji makusudi ili sili ikianza kuchoka itoe tone pale kwanza. Mafundi wasiokijua hukiona kinadondosha maji na kukiziba kwa gundi. Tafadhali, kitundu hicho kisizibwe kamwe. Kinatoa taarifa, na ukikiziba unayaelekeza maji kwenye gia.

Ya silinda ni ya hila zaidi, na kipimo chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji chombo. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, weka maji hadi mahali pake, kisha washa. Inama utazame uso wa maji. Ikiwa ulimwaga maji na kujaza upya, hewa iliyonaswa itatoka kwa mapovu makubwa machache kisha itakwisha. Lakini ukiona vipovu vidogo vinavyofuatana bila kukoma, na ukipiga resi vinaongezeka, basi moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Gasketi au oringi za hedi zimeachia, au hedi imepinda. Nusa pale shingoni: maji yatakuwa na harufu ya ekzosi. Hitilafu hii hudanganya sana, maana moshi huo husukuma maji nje kwa nguvu na rejeta hukauka upesi, na mtu anaamini kuwa injini ilichemsha ndipo maji yakatoka. Ukweli ni kinyume chake. Maji yalifukuzwa kwanza, injini ikachemka kwa kukosa maji.

Ukifungua hedi baada ya hapo, pistoni itakupa ushahidi wa pili. Sehemu ya uso wake ambayo maji yalikuwa yakidondokea itakuwa safi, inang'aa alumini tupu, wakati kwingine kote kuna masizi. Hedi ilazwe juu ya kioo kinene chenye msasa laini uone kama inagusa kila mahali. Wakati wa kurudisha, boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpishano, kwa kiwango cha kitabu. Kukaza kwa kukisia ndiko kunakowarudisha wengi gereji kwa ugonjwa uleule.

Pampu nayo isisahauliwe. Ukiwa bado umeinama pale kwenye shingo ya rejeta, piga resi taratibu. Kwenye pikipiki nyingi utaona maji yakisukumwa. Yasipotikisika, fungua kifuniko cha pampu uangalie pangaboi lake, ambalo huweza kuteleza kwenye shafti au kuvunjika mabawa. Kwenye rejeta zenyewe, kipimajoto cha kulenga kwa mbali, ambacho siku hizi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, kitakuonyesha kama kuna doa baridi katikati ya eneo lenye moto. Doa hilo limeziba kwa ndani. Hapo, na ni hapo tu, ndipo rejeta inapostahili kulaumiwa.

Kutoka Nairobi kushuka

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ukanda wetu naliona kubwa kuliko mengine yote. Pikipiki ya kabureta iliyopangwa vizuri Jamhuri Park haijapangwa kwa ajili ya Garuga, wala kwa ajili ya pwani.

Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Kwa mwinuko huo, hewa inayoingia kwenye injini ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya usawa wa bahari. Fundi mzuri wa Nairobi ameshalizingatia: ameweka jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyo ndogo kidogo ili petroli isizidi hewa. Sasa pikipiki inapakiwa kwenye pikapu, inavuka mpaka Malaba au Busia, inashuka hadi ukingo wa Ziwa Victoria wenye mwinuko wa takriban mita 1,150. Hewa imekuwa nzito, jeti ni ileile. Hewa imeongezeka, petroli haikuongezeka kwa kadiri yake. Mchanganyiko umekuwa mkavu, na hakuna aliyegusa chochote. Ukishuka hadi Mombasa au Dar es Salaam tofauti inakuwa kubwa zaidi, hata kama joto la pwani huipunguza kidogo, na ukikimbiza kwenye mchanga unaoikaba injini muda wote unaongeza tatizo juu ya tatizo.

Kinachohuzunisha ni kwamba mchanganyiko mkavu hujifanya mzuri mwanzoni. Pikipiki inakuwa nyepesi, inaitikia haraka, sauti inakuwa kali na safi. Mwendeshaji anashuka akitabasamu, anasema leo inakwenda kuliko siku zote. Dawa yake ni rahisi ajabu: jeti kubwa ya kabureta ipandishwe namba moja au mbili kabla ya mazoezi ya kwanza, na uanze na petroli iliyozidi kidogo kuliko iliyopungua. Injini yenye petroli nyingi itatoa moshi na kukwama kidogo, lakini haitayeyuka. Jeti kadhaa kwenye kopo dogo hazifikii hata kidogo bei ya silinda na pistoni mpya.

Namna ya kuhakikisha ni plagi. Weka mpya, pasha injini moto, kisha kwenye nyoofu fungua resi yote kwa sekunde kadhaa na uzime injini huku umebana klachi kwa wakati mmoja. Usiiache irudi kunguruma taratibu, maana utafuta maandishi. Fungua plagi na umulike ndani kabisa, kwenye shina la kauri, chini pale inapoingia kwenye chuma. Ncha ya nje haisemi ukweli wa resi kubwa. Ukikuta pete ya kahawia pale chini, mambo ni mazuri. Kauri ikiwa nyeupe tupu, ongeza jeti. Na ukiona juu ya kauri vitone vidogo vya fedha, kama vimenyunyizwa kwa sindano, zima kila kitu na usiiwashe tena siku hiyo: hivyo ni vipande vya alumini vya pistoni yako vilivyoanza kuyeyuka na kurukia plagi.

Kuna kosa moja la nia njema linaloua injini nyingi. Mtu akiona pikipiki inapata joto, anaongeza oili kwenye petroli akiamini anailinda. Jeti hupitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko, kwa hiyo kila tone la oili linaloongezwa linachukua nafasi ya petroli, na mchanganyiko unazidi kuwa mkavu. Fuata kitabu. Yamaha YZ hutaka sehemu moja ya oili kwa 30 za petroli, yaani mililita 33 kwa lita. KTM za cc 250 na 300 za kabureta hutaka moja kwa 60, kama mililita 17 kwa lita. Ukibadilisha kipimo, ujue umebadilisha na jeti pia. Oili yenyewe iwe ya tustroki, wala si ile ya bodaboda ya mipigo minne, ambayo haikutengenezwa kuungua.

Petroli nayo ina historia yake kwetu. Uchakachuaji kwa kutumia mafuta ya taa ulifikia hatua ya serikali kuingilia: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Gari la kawaida linaweza kuvumilia kidogo. Tustroki ya mashindano yenye mgandamizo mkubwa haivumilii. Petroli iliyochakachuliwa hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga kwa sauti ya vyuma, na joto linapanda kwa kasi ambayo rejeta yoyote haiwezi kuifuata. Nunua kwenye kituo kimoja unachokiamini, na usitumie petroli iliyolala kwenye dumu tangu mbio za mwezi uliopita.

Hewa ya wizi

Jeti ikiwa sahihi na plagi bado ni nyeupe, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Dalili yake nitakueleza ili uitambue kwa masikio. Ukiachia resi, injini haishuki mara moja. Inaning'inia juu, inanguruma peke yake kwa kitambo, ndipo inashuka. Wengine hurekebisha kwa kuminya skrubu ya sailensa, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Hewa hiyo hupita kwenye mpira wa kabureta uliopasuka, kwenye gasketi ya chini ya silinda, au kwenye sili ya krenki. Sili zipo mbili na kila moja ina tabia yake. Ya upande wa magneti ikifa, inavuta hewa kavu na pistoni inaungua. Ya upande wa klachi ikifa, injini inanyonya oili ya giaboksi, moshi unakuwa mzito na oili ya gia inapungua bila kuvuja nje. Wapo wanaotafuta mwanya kwa kupulizia kemikali inayowaka huku injini inafanya kazi. Sishauri hivyo, hasa gereji yenye petroli wazi. Njia salama ni kuziba mdomo wa kabureta na mlango wa ekzosi kwa mpira, kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli hadi karibu bari 0.4, kisha kungoja. Upepo ukishuka zaidi ya bari 0.07 kwa dakika, paka povu la sabuni kwenye kila maungio hadi uone linapopanuka. Ni kazi ya nusu saa, na mafundi wachache sana huifanya. Kwangu mimi, fundi anayeimiliki pampu hiyo ndogo yenye geji anastahili pikipiki yangu kuliko mwenye duka lililojaa spea.

Mengine nitayapitia haraka. Plagi iwe ya kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye kitabu. Kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, kwa hiyo kuweka 7 badala ya 8 ni kuongeza joto. Alama ya taimingi ikae mahali pake. Mpira wa kupumulia tangi usizibe, la sivyo petroli hugoma kushuka kwenye nyoofu ndefu, na utaitambua hali hiyo tangi likivuta hewa kwa mlio unapofungua mfuniko.

Injini ikishanoki, usiitupe pistoni kabla hujaisoma. Mikwaruzo upande wa ekzosi pekee ni ya mchanganyiko mkavu au oili haba. Kingo za juu zilizoliwa vitobovitobo ni kugonga kwa petroli mbaya au taimingi. Tundu katikati ni plagi ya moto mno au ukavu uliopita kiasi. Mikwaruzo minne iliyogawanyika sawasawa kuizunguka mara nyingi haihusiani na kuchemsha hata kidogo. Hiyo ni injini iliyopigwa resi ikiwa bado baridi, pistoni ikapanuka upesi kuliko silinda. Kubadilisha pistoni bila kujua ni ipi kati ya hizi ni kununua nyingine ya kuharibu.

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba tustroki haikuletwa kwetu na motokrosi. Yamaha AG100 na DT125 za mabwana shamba, wahudumu wa afya na mapadri zilipanda milima yetu miaka mingi, na nyingine bado ziko kazini. Hizo hazina maji ya kuchemka. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mbavu za silinda, na oili yake huchanganywa na pampu ya Autolube ambayo Yamaha ilianza kuitumia mwaka 1964. Joto likizidi, hazitoi mvuke wowote: nguvu zinapungua mlimani, mlio unakuwa mkavu, kisha injini inakaba. Osha matope kati ya mbavu, na kama tangi la oili liliwahi kukauka, toa hewa kwenye mpira wa pampu kabla ya kuwasha, maana povu moja la hewa mle linatosha kuinyima pistoni oili.

Tangu mwaka 2017 KTM imekuwa ikiuza tustroki za enduro zinazopimiwa petroli na kompyuta, na hizo hujirekebisha zenyewe pikipiki inapopanda au kushuka. Ni hatua kubwa. Lakini pikipiki nyingi ambazo watoto wetu wanaendesha leo ni za kabureta, zilizopita mikono ya familia kadhaa, na zitaendelea kuwa hivyo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vilabu kila klabu inunue pampu moja ya kupimia upepo na kipimajoto kimoja, vikae uwanjani siku ya mbio vitumiwe na wote. Na wewe mzazi, fundi akikuambia rejeta imekufa, kabla hujatoa pesa mwombe akuwekee plagi mkononi, na umuulize jeti iliyomo ilipangwa kwa uwanja upi.